Lulu ya Mama Mkwe na Maua Ishirini na Manne ya Chokoleti

Mshauri wangu mpendwa,

Nisaidie kabla sijapasuka, maana jambo hili nimelibeba wiki ya tatu sasa na kila nikilimeza linapanda tena, na nyumbani hakuna wa kumwambia kwa sababu kila ninayeweza kumwambia ni mtu wake, mume wangu ni mwanawe, wifi yangu ni bintiye, hata paka ni wake, alikuja naye alipohamia kwetu.

Kazi yangu ni kupokea wageni kwenye kliniki ya macho, lakini raha yangu ni chokoleti, na sisemi kula, nasema kutengeneza. Nilianza na kalibu za plastiki za dukani, zile zenye vishimo vya umbo la moyo na umbo la jani, unamimina chokoleti iliyoyeyuka, unaigonga gonga kalibu mezani ili mapovu yatoke, unaitia kwenye friji, na ikishaganda unaipindua zinadondoka zenyewe zikiwa zinang'aa kama viatu vya askari wa gwaride. Nikajifunza kuyeyusha kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto bila tone kuingia, maana tone moja tu la maji likiingia chokoleti yote inagandamana inakuwa kama udongo, nikajifunza kuipoza kwa kipimajoto mpaka ifike pale inapopataka, ukiikosea inaota madoa meupe kama mguu usiopakwa mafuta, nikajifunza kusugua kalibu kwa pamba kavu kabla ya kumimina ili chokoleti itoke na mng'aro. Mume wangu anasema naipenda ile friji kuliko yeye na mimi simbishii.

Sasa mama mkwe wangu ni mtu mzuri, naomba uelewe hilo tangu mwanzo, hajawahi kuninyanyasa hata siku moja, ananiita mwanangu na akisema hivyo anamaanisha, lakini ana ulimi. Kila nikimpa chokoleti zangu anakula moja, anaigeuza geuza ya pili kwenye mwanga wa dirisha, anasema, "Tamu, mwanangu. Ila zina sura ya sabuni za hotelini." Miaka minne nasikia sabuni za hotelini. Nimebadilisha mioyo, majani, makombe ya baharini, nimepaka rangi ya siagi ya kakao kwa brashi ndogo kuliko ya kope, bado sabuni.

Basi wifi yangu akapata mchumba, harusi ikapangwa, na mimi kwa kiherehere changu nikajitolea kutengeneza visanduku ishirini na vinne vya chokoleti kwa wageni wa meza za mbele, kila kisanduku kiwe na chokoleti sita ndogo na juu yake ua moja kubwa, na ua hilo nilitaka liwe ua ambalo halipo katika duka lolote. Na nilijua liko wapi. Mama ana bruchi, lile pambo la kubana kifuani, ua la fedha lenye petali nane na katikati yake lulu moja ukubwa wa punje ya njegere, marehemu baba mkwe alimpa siku alipojifungua mtoto wao wa kwanza, ambaye ndiye huyu mume wangu. Anaivaa kwa mambo makubwa tu, siku nyingine zote inakaa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati lake, imefungwa kwenye kitambaa cha flana. Nikawaza, kila mgeni akifungua kisanduku atakutana na ua la mama wa bibi harusi, na mama mwenyewe akifungua chake ataona ua lake, na neno sabuni litamkauka mdomoni.

Utaniuliza kwa nini sikumwomba. Ningemwomba angenipa, au asingenipa, ndiyo hapo, na nilitaka nimshtukize, na ukweli mwingine ni kwamba niliogopa ataniambia, "Sasa unataka na pambo langu liwe sabuni?"

Alipokwenda kwa daktari wa miguu nikashusha kopo. Nilikuwa nimeshanunua silikoni ya kutengenezea kalibu za chakula, inakuja kwenye vikopo viwili, unachanganya sawa kwa sawa inakuwa nyeupe kama maziwa mazito, unaimwagia juu ya kitu chako ndani ya kibakuli, dakika arobaini imekuwa mpira. Ilipokauka nikaanza kuibandua taratibu kama maelekezo yanavyosema, na hapo hapo nikasikia kandambili zake barazani, mshauri, zile kandambili zina mlio mmoja tu duniani, nikaivuta bruchi kwa nguvu, ikatoka kwa sauti kama ya kizibo cha chupa, nikaisuuza bombani, nikaifuta kwa sketi, nikaifunga kwenye flana bila kuitazama, nikairudisha koponi, na mama alipoingia sebuleni alinikuta nimekaa nasoma gazeti lililo kichwa chini.

Kalibu ilitoka nzuri ajabu. Kwa kuwa ni moja tu nilimimina maua manne kila siku nikitoka kazini, moja likiganda namimina lingine, siku sita yakatimia ishirini na manne. Petali zilitoka na mistari yake yote, hata ule mkwaruzo mdogo kwenye petali ya tatu ulitoka. Kasoro ilikuwa moja, katikati ya kila ua palikuwa na kishimo kidogo, na nilipokuwa nasugua kalibu kwa pamba, pamba ilikuwa ikinasa kidogo hapo hapo katikati, nikasema ni mpira tu haukukaa sawa, nikakigeuza kishimo kuwa urembo, nikaweka kila kimoja shanga ya sukari ya rangi ya fedha, petali nikazipitishia poda ya dhahabu ya kulika, na mwenye kuona angeapa kuwa nilikusudia tangu mwanzo.

Asubuhi ya harusi nilikuwa chumbani kwa mama namfunga vifungo vya gauni mgongoni. Alifunua flana, kisha akasema polepole, "Lulu yangu iko wapi?" Nikachungulia juu ya bega lake. Petali nane, na katikati kikombe kidogo cha fedha, kitupu.

Sasa bruchi hiyo mwezi uliopita ilikuwa imekaa siku mbili kwa fundi cherehani aliyemshonea gauni, mwanamke tunayemwita Bi Sindano, rafiki wa mama tangu wote wawili hawajaolewa, alitaka kupima itakaa wapi kifuani. Na Bi Sindano alikuwepo pale pale chumbani, amepiga magoti, pini mdomoni, anarekebisha pindo. Mama akamtazama kutoka juu akamwambia, "Haijatoka mikononi mwangu ila kwako."

Bi Sindano akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha mkononi, akasema, "Miaka arobaini nakushonea. Leo ndiyo umeniona mwizi?"

Akachukua mkasi wake akaondoka, na harusini hakuja. Na mimi, mshauri, nilikuwa nimeshika kifungo cha nne na sikusema neno.

Nilijua papo hapo. Lulu iling'oka nilipovuta, ikadondokea kwenye kalibu, nikaimwagia chokoleti, sasa imo ndani ya ua moja kati ya yale ishirini na manne, na visanduku vimeshafika ukumbini. Harusi yote sikula wala sikucheza, nilikuwa naangalia midomo. Mzee mmoja alikohoa, nikasimama. Shangazi yake bwana harusi akatafuna kitu kikalia, nikavuka ukumbi mzima nikamwuliza kama meno yake ni salama, akasema ni karanga, na tangu siku hiyo upande wa bwana harusi wananiona punguani.

Mama naye alifungua kisanduku chake. Aliliangalia lile ua muda mrefu, akaigusa ile shanga ya katikati kwa ncha ya kidole, akafunika, akakitia kisanduku kwenye mkoba. Hakusema sabuni. Mpaka leo hajalila, liko kwenye friji, rafu ya juu, pembeni ya dawa zake, na kila nikichukua maziwa linanitazama.

Baada ya harusi nikaanza kuzungukia wageni, nawaambia chokoleti zile zina hitilafu naomba wanirudishie ua. Nilipata tisa. Nikayayeyusha yote, nikayapitisha kwenye chujio la chai, sikupata hata punje. Mengine, ukiacha la mama, yameliwa. Dereva wa bwana harusi aliniambia lake alilimeza bila kutafuna kwa sababu alikuwa na haraka, na sasa kila nikikutana naye namtazama tumbo badala ya uso. Kalibu yenyewe nimeifunga kwenye mfuko nikaisukuma nyuma ya debe la unga, sitaki kuiona.

Na nyumbani, mshauri, mambo si mambo. Mama hataji tena jina la Bi Sindano. Kifungo chake cha sketi kimekatika, anafunga kwa pini, hataki kwenda kwa fundi mwingine na kwa yule hawezi kwenda. Nasikia wateja wawili wa Bi Sindano wamekwenda kuchukua vitambaa vyao vikiwa havijashonwa, kwa sababu maneno yametembea. Nilipopita mbele ya kibanda chake juzi alikuwa amekaa mikono mapajani, cherehani imefunikwa, na alinisalimia vizuri tu, "Hujambo mwanangu," na ilikuwa afadhali angenitukana. Kisha jana tukichambua mchele mama akaniuliza, "Mwanangu, huna neno la kuniambia?" Nikasema, "La nini, mama?" Akasema, "Haya," akaendelea kuchambua.

Nifanye nini? Ninunue lulu nyingine inayofanana niibandike kwa gundi kimya kimya, ionekane kama ilikuwa imeanguka tu koponi? Niseme, nimpoteze mama mkwe aliyeniita mwanangu tangu siku ya kwanza? Au nikae kimya mpaka lipoe lenyewe?

Tafadhali nijibu gazetini, barua zikija nyumbani huzipokea yeye. Naye ni msomaji wako, kila Jumamosi anaanza na matangazo ya vifo, kisha hali ya hewa, kisha wewe, ila gazeti nalipokea mimi mlangoni wakati yeye anaoga, na jina langu sijaliandika, kwa hiyo hatajua ni mimi.

Ni mimi,
Tumbo Joto

JIBU LA MSHAURI

Tumbo Joto,

Hatajua ni wewe! Umeficha jina ukaacha bruchi, lulu, harusi, fundi, kandambili, maradhi ya miguu na hata paka. Mwanangu, umejificha nyuma ya uzi.

Nimecheka, sikufichi. Nilipofika kwa dereva niliweka kalamu chini nikatafuta leso. Lakini nilipofika pale Bi Sindano anatoa pini mdomoni moja moja, kicheko kilinikatika, na sijakipata tena mpaka sasa ninapokuandikia. Kwa hiyo kaa vizuri, tutaongea.

Tuanze na lulu, maana hiyo ndiyo rahisi. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa meno ya bandia. Miaka kumi na mitano nimeishi katika nyumba iliyojaa kalibu za vinywa vya watu, nimepangusa vumbi ufizi wa diwani na ufizi wa muuza mkaa kwenye rafu moja. Kitu kimoja nilichojifunza ni hiki: kilichotokeza kwenye kitu, ndani ya kalibu kinakuwa shimo, na ukimimina kinatokeza tena. Jino linakuwa shimo, shimo linakuwa jino. Haibadiliki.

Lulu ya mama mkwe wako ilikuwa imetokeza katikati ya ua. Kwa hiyo chokoleti yako ilitakiwa itoke na kinundu katikati, mviringo kama njegere. Yako imetoka na kishimo. Na si moja, zote ishirini na nne, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho. Maana yake lile shimo la lulu ndani ya kalibu lilikuwa limeshajazwa kabla hujamimina hata tone. Na limejazwa na nini? Na lulu yenyewe. Ulipoivuta bruchi kwa papara, mpira uliing'ang'ania lulu ukabaki nayo. Zaidi ya nusu imemezwa na silikoni, na ile sehemu ndogo iliyokuwa imekaa kwenye kikombe cha fedha ndiyo inayochungulia. Hiyo ndiyo iliyotoboa maua yako. Hiyo ndiyo iliyonasa pamba yako siku sita mfululizo, ikikuambia nipo hapa, nipo hapa, na wewe ukaipachikia shanga.

Nyeupe ndani ya nyeupe. Na wewe unafanya kazi kliniki ya macho.

Ingekuwa imedondokea kwenye ua mojawapo, yale yaliyofuata yangetoka na kinundu chao. Hata moja halikutoka nacho. Basi mwache dereva wa watu na tumbo lake, na yule shangazi ukikutana naye mwombe radhi kwa kumwuliza habari za meno mbele ya wakwe zake. Sogeza debe la unga. Toa kalibu. Usiichokoe kwa kisu wala kwa uma, ikunje kwa nyuma kwa vidole gumba viwili, kama unavyotoa chokoleti iliyogoma. Itachomoka.

Sasa umeshusha pumzi, nimekusikia hadi huku. Usiishushe yote. Hapo ndipo tulipomaliza na lulu, na lulu haikuwa shida yako.

Kuhusu kununua lulu nyingine na kuibandika kwa gundi, sitaki kusikia. Ukifanya hivyo utakuwa umemrudishia mama pambo la uongo, na Bi Sindano atabaki mwizi aliyerudisha alichoiba kwa siri. Umeliwazia hilo? Hukuliwazia. Ulikuwa unaiwazia ngozi yako.

Kuichukua bruchi bila kuomba ni kosa, lakini ni kosa la mtu anayetaka kupendeza mno, na wengi wetu tumelifanya kwa vitu vidogo na vikubwa. Kuing'oa lulu ni bahati mbaya. Kosa lako, Tumbo Joto, ni kifungo cha nne. Ulikuwa umesimama nyuma ya mama mkwe wako, ukweli wote uko mdomoni mwako, na ukamwangalia mwanamke mtu mzima akikusanya pini zake na kutoka chumbani na jina ambalo si lake. Sentensi moja ingetosha. "Mama, ni mimi." Ungepigiwa kelele, ungelia, vipodozi vingechuruzika, na harusi ingeendelea huku Bi Sindano amekaa meza ya mbele anakula ua lako. Badala yake wiki tatu nzima umezunguka mji unakusanya chokoleti, na nguvu zote hizo, mwanangu, hukuzitumia kutembea mpaka kwenye kibanda kimoja cha fundi. Unajua kilipo. Umepita mbele yake na ukasalimiwa.

Najua unachoogopa. Unaogopa hatakuita tena mwanangu. Nakuelewa kabisa, mimi pia nimekuwa mkwe wa mtu, na neno hilo ni zito kulipoteza. Lakini hebu soma tena barua yako. Mtu aliyelivaa ua lile tangu mume wako yuko kwenye nepi amefungua kisanduku akakuta petali nane na mkwaruzo wake kwenye petali ya tatu. Akaweka kidole pale pale lulu ilipokuwa. Unadhani alikuwa anasifia shanga? Hajalila, hajalitupa, ameliweka rafu ya juu ambapo unachukua maziwa kila siku. Na amekuuliza kwa mdomo wake kama huna neno. Mama anajua. Labda hajui lulu iko wapi, lakini mkono uliofungua kopo anaujua, na bado anachambua mchele na wewe kwenye ungo mmoja na bado anakuita mwanangu. Hilo swali lilikuwa mlango, na wewe ukaurudishia kwa "La nini, mama?"

Na wewe mama, ukifika hapa baada ya hali ya hewa, naomba usivue miwani, na lako lipo. Ulimtuhumu rafiki wa miaka arobaini akiwa amekupigia magoti akikushonea pindo. Hasira ya asubuhi ya harusi naielewa. Lakini kisanduku ulikifungua siku ile ile, na tangu hapo umekaa unamngoja mkwe wako aseme, umemtegea ua kwenye friji kama mtego wa panya, na wakati wewe unangoja, aliyelipa si yeye. Aliyelipa ni mwenzako aliyekaa mikono mapajani. Ungeweza kwenda kwake hata bila lulu. Unafunga sketi kwa pini na fundi wako yuko mtaa wa pili! Ninyi wawili mnafanana kuliko mnavyojua.

Haya, fanyeni hivi, na fanyeni leo.

Tumbo Joto, lulu ukishaitoa mpelekee mama mkononi mwake, siyo mezani wala kwenye kopo. Mwambie yote kwa mpangilio, kuanzia sabuni za hotelini. Naam, na hilo la sabuni mwambie, maana lilikuuma na hajui. Usianze na machozi, machozi yatamlazimu akubembeleze na leo si zamu yako kubembelezwa. Mume wako ajue leo leo pia, bruchi hiyo ni ya siku aliyozaliwa yeye. Kurudishia lulu kwenye kikombe chake ni kazi ya sonara, na sonara mtampelekea bruchi wote wawili.

Lakini kabla ya sonara nendeni kwa Bi Sindano. Msiende jioni amefunga, wala msimwite nyumbani mkamweleze nyuma ya pazia. Maneno yalitembea mchana, na ukweli nao utembee mchana. Nendeni kibandani kukiwa na watu, wewe useme ni wewe uliyeing'oa, mama aseme alimsingizia, kwa sauti ya kusikika mpaka dirishani. Kisha kwenye nyumba za wale wateja wawili waliochukua vitambaa vyao, nenda wewe peke yako ukawaeleze. Uliweza kugonga milango kudai chokoleti, utaweza kugonga na hii.

Na mikono mitupu usiende. Kalibu yako, ikishatolewa lulu, ndiyo itakuwa kamili kwa mara ya kwanza. Yale yote uliyowapa wageni wa meza za mbele yalikuwa na kasoro. Mimina ua moja, ulipoze vizuri, usiweke shanga, usiweke dhahabu. Litatoka na kinundu chake katikati kama mwenye bruchi alivyoijua siku zote. Hilo la kwanza lililo zima ni la Bi Sindano. Akikurushia usoni, liokote, urudi nyumbani, na kesho umpelekee lingine. Una kalibu, hutakosa. Na mama achukue ile sketi.

Utaniuliza, je, kama lulu haimo kwenye kalibu? Imo. Lakini hata kama mimi na marehemu mume wangu tumekosea, hakuna neno hata moja katika haya linalobadilika. Maneno unayodaiwa hayakuwahi kuwa ndani ya ua.

Jambo la mwisho. Leo ni Jumamosi. Umelipokea gazeti mlangoni, umenikimbilia kabla hujaweka hata maji ya chai, na sasa unawaza jinsi ya kuuchomoa ukurasa huu na kufungia vitunguu. Usithubutu. Acha gazeti likiwa zima pale anapokaa. Vifo vya leo ni vichache, na hali ya hewa ni mistari mitatu.

Sikiliza bafuni, maji yameshafungwa? Basi sogeza hilo debe la unga, mwanangu. Msubiri mlangoni kwake na lulu kiganjani, na umwambie kwa mdomo wako mwenyewe kabla hajavaa miwani.